Anayeanza ni Nani? Historia ya injini za gemu ikitazamwa kutoka Kanama

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Kanama, wilayani Rubavu, nikakuta mdogo wangu na wenzake watatu wamekwisha kuamua jambo. Wanataka kutengeneza gemu. Si kucheza, kutengeneza. Walikuwa na daftari la visanduku, lile la hisabati, na ndani yake wamechora vilima, mawe, mto, na mtu mdogo anayeruka. Swali walilonisubiri nalo lilikuwa moja: "Kaka, tutumie injini gani?"

Mimi nasoma Kiswahili na historia, sisomi kompyuta. Nilichokuwa nacho ni laptopu ya mitumba na uzoefu wa miaka miwili wa kuhangaika nayo. Hata hivyo nilijibu haraka, na nilijibu vibaya. Nilitaja injini moja kubwa, ambayo hapa sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu. Niliichagua kwa kuwa ndiyo niliyoisikia zaidi midomoni mwa watu. Tulikwenda hadi Mahoko, senta yetu ya soko kando ya barabara ya lami itokayo Musanze kwenda Gisenyi, tukanunua bando, tukaanza kupakua usiku. Tulipofika gigabaiti ya pili mtandao ukakatika. Usiku wa pili mvua ilinyesha na umeme ukaenda nayo. Usiku wa tatu kazi ilikamilika, tukaifungua programu, nayo ikadai akaunti, kisha leseni, kisha masasisho, na laptopu ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Fedha zilizoteketea zilikuwa mchango wa watoto wanne. Mmoja wao alikuwa ameuza sungura wake.

Sungura yule ndiye aliyenirudisha kwenye somo langu. Niliporudi chuoni nilianza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo. Kila injini husifiwa kwamba ni rahisi kwa anayeanza. Je, anayeanza huyo ni nani? Anaishi wapi, ana kompyuta gani, umeme wake hukatika mara ngapi, anasoma lugha ipi, na nani anamlipia bando? Hoja ya insha hii ni kwamba urahisi wa injini si sifa ya injini peke yake. Kila moja ilitengenezwa na mtu aliyemwona mbele yake mwanafunzi fulani, na tukijua historia hiyo tunaweza kukisia mapema kama mwanafunzi huyo anafanana na sisi au la.

Kwanza nifafanue maneno mawili kwa wenzangu wasiocheza. Gemu ya majukwaa ni ile ambayo unamwendesha mtu anayekimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine. Akikosea hatua anaanguka na kuanza upya. Injini ni programu inayobeba kazi ambazo karibu kila gemu inazihitaji: kuchora picha kwenye skrini, kujua kitufe gani kimebonyezwa, kumvuta mtu chini, kutambua kwamba mguu umegusa jiwe. Kuna waalimu wanaopendelea neno "mtambo". Mimi nitabaki na "injini" kwa sababu ndilo neno la vijana wa Mahoko, na kwa sababu fundi wa pikipiki akilisikia anaelewa nusu ya maana bila kufundishwa.

Hapo mwanzo injini haikuwepo. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Donkey Kong, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, ambamo mtu anapanda ngazi na kuruka mapipa. Mwaka uliofuata Mmarekani David Crane alitoa Pitfall!, yenye msitu wa skrini 255, na vyote hivyo viliingia katika kilobaiti 4. Picha moja tu ya simu za leo ingezijaza kaseti kama ile kwa mamia. Crane hakuihifadhi misitu hiyo. Aliandika hesabu fupi inayoizalisha kila mchezaji anapovuka ukingo wa skrini. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa tajiri zaidi, kilobaiti 40, lakini hata humo ubahili unaonekana: wingu na kichaka ni mchoro uleule, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa. Hatua zake zilichorwa kwanza kwenye karatasi za visanduku, na nilipowaambia watoto hivyo walilitazama daftari lao la hisabati kwa heshima mpya.

Katika kazi hizo gemu na mtambo wake vilikuwa kitu kimoja. Ni kama igisoro iliyochimbwa ardhini. Mashimo yako 32, safu nne za minane, mchezo unakwenda vizuri, lakini jirani akitaka kucheza kwake hawezi kukuazima mashimo. Itabidi achimbe yake. Injini ilizaliwa siku ambapo watu walichonga ubao unaobebeka.

Hatua kubwa ya uchongaji huo ilitokea Marekani, na ilianza na gemu ya majukwaa. Mwaka 1990 kompyuta za kawaida za ofisini hazikuweza kusogeza mandhari kwa ulaini kama mashine za Nintendo. Kijana aitwaye John Carmack, akifanya kazi katika kampuni ya Softdisk, alipata mbinu: badala ya kuichora skrini nzima upya, chora vile vigae tu vilivyobadilika. Yeye na Tom Hall walikesha usiku mmoja wakaiga hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. 3 kwenye kompyuta. Nintendo haikutaka gemu zake kwenye kompyuta, hivyo mbinu hiyo ikatumika katika gemu yao wenyewe, Commander Keen, iliyotoka Desemba 1990. Kundi lao likawa id Software, na baada ya Doom ya mwaka 1993 neno "injini" lilienea, kwa sababu sasa mtambo ulikuwa umetengana na hadithi kiasi kwamba kampuni nyingine ziliweza kuukodi na kuutilia hadithi zao.

Lakini angalieni: biashara ile ilikuwa ya fundi kwa fundi. Aliyekodi injini alikuwa na ofisi, wanasheria na waandishi wa msimbo. Mtu anayeanza hakuwa ndani ya picha.

Aliyemwingiza, kwa maoni yangu, ni mwalimu. Mwaka 1994 kulikuwa tayari na Klik & Play, programu iliyomruhusu mtu kutengeneza gemu kwa kubofya bila kuandika msimbo. Lakini mfano ninaoupenda ni wa Mark Overmars, profesa wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, aliyetoa Game Maker mnamo Novemba 1999 na kuiweka mtandaoni bure. Overmars alikuwa mwalimu, na chombo chake kina tabia ya ualimu: buruta tendo, lidondoshe, tazama kinachotokea, kisha ukiwa tayari fungua kifuniko uandike msimbo. Spelunky ya Derek Yu ya mwaka 2008 na Undertale ya Toby Fox ya mwaka 2015 zilitoka humo. Baadaye chombo kikauzwa mara kadhaa. Kampuni ya YoYo Games ilikichukua mwaka 2007, yenyewe ikanunuliwa, na tangu 2021 kiko chini ya Opera, wale wenye kivinjari ambacho wengi wetu tulikitumia kwenye simu ndogo kwa sababu kilibana data. Tangu mwishoni mwa 2023 ni bure kwa asiyeuza gemu yake.

Mwalimu wa pili ni Mitchel Resnick wa MIT, ambaye kundi lake lilitoa Scratch mwaka 2007. Hapa historia inagusa darasa langu mwenyewe. Mwaka 2008 Rwanda ilianza mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na katika miaka iliyofuata zaidi ya kompyuta 200,000 za aina ya XO, zile za kijani na nyeupe, ziligawanywa katika shule za msingi. XO ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti 1, na Scratch ilikimbia ndani yake. Yaani mtoto wa Rwanda alikuwa na chombo cha kutengenezea gemu mikononi kabla hajajua kwamba kuna kazi inayoitwa hivyo. Shuleni kwangu XO zilikaa kabatini siku nyingi kuliko zilivyokaa mezani, na nakumbuka zaidi harufu ya plastiki yake kuliko nilichokifanya nayo. Nakumbuka lakini paka wa rangi ya chungwa aliyetembea nilipobofya. Sikujua kwamba nilikuwa nimefika mlangoni.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Scratch ya sasa inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, menyu na vipande vyake vya amri. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa kwetu tangu uamuzi wa Bunge wa mwaka 2017, nasi tumezoea kukitafuta katika hotuba na vitabu vya kiada. Kukikuta ndani ya amri inayomwambia mtu wa kuchorwa aruke, hilo lilinifurahisha kuliko hotuba nyingi. Tafsiri yenyewe ina mahali panapokwaruza sikio, na hapo ndipo kuna kazi ya wanaisimu wa darasa letu.

Wimbi lililofuata ni la wafanyabiashara, na silitaji kwa dharau. Unity ilitoka mwaka 2005, kazi ya vijana watatu wa Copenhagen, David Helgason, Nicholas Francis na Joachim Ante, waliotaka kila mtu aweze kupata injini ya kiwango cha makampuni. Walifaulu kwa kiasi kikubwa. Hollow Knight na Cuphead, gemu mbili za majukwaa za mwaka 2017 ambazo kila mpenzi wa aina hiyo anazijua, zimetengenezwa kwa Unity. Lakini mwanzilishi aliyefikiriwa hapa si mtoto wa darasani. Ni kijana anayetaka kuuza, mwenye mtandao wa kudumu na diski pana, ambaye gigabaiti kumi kwake ni jambo la jioni moja.

Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza ada mpya: baada ya kuvuka kiwango fulani cha mapato na idadi, mtengenezaji angelipa kwa kila mara gemu yake inaposakinishwa. Kwa mtoto wa Kanama ada hiyo isingemgusa kamwe, maana kiwango cha chini kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka. Kilichowashtua watengenezaji duniani ni kwamba masharti yalibadilika wakiwa wamekwisha kujenga. Ndani ya siku kumi kampuni ililegeza, mwezi uliofuata mkurugenzi wake John Riccitiello akaondoka, na Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa. Katika siku zilezile za Septemba 2023, Re-Logic, watengenezaji wa Terraria, walitoa dola 100,000 kwa mradi wa injini huria ya Godot na kiasi hichohicho kwa FNA. Nilijiuliza kwa nini FNA, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kumbe Terraria ilijengwa juu ya XNA, chombo cha Microsoft ambacho Microsoft yenyewe iliacha kukiendeleza, na watu wa kujitolea ndio waliokifufua kwa majina mengine ili gemu zisife nacho. Celeste ya mwaka 2018, labda gemu ya majukwaa inayosifiwa zaidi ya muongo ule, nayo ni mtoto wa ukoo huo.

Flash haikupata bahati hiyo. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa shule ya watengenezaji wa gemu ndogo za kivinjari, na ilizimwa rasmi mwisho wa mwaka 2020. Waliojifunza humo walibaki na ujuzi bila chombo.

Sasa nirudi karibu na nyumbani, maana nimetaja Utrecht na Copenhagen kana kwamba Afrika Mashariki haina la kusema. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na baadaye akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Lakini kesi inayotufundisha zaidi kuhusu swali letu ni ya Lual Mayen.

Mayen alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Akamwambia mama yake kwamba anataka yake. Mama huyo aliweka akiba kwa miaka mitatu bila kumwambia mwanawe, akafikisha dola 300. Laptopu ikapatikana, umeme haukuwepo. Mayen alitembea saa tatu kwenda kuichaji na saa tatu kurudi. Katika hali hiyo alijifundisha na kutengeneza Salaam, gemu ya kukimbia inayohusu amani, na kuisambaza kupitia Facebook na kwa kuhamisha kutoka simu hadi simu. Mwaka 2018 alitambuliwa katika sherehe za The Game Awards nchini Marekani.

Kesi ya Mayen husimuliwa kama hadithi ya ujasiri, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama ushahidi wa kihistoria kuhusu gharama. Saa sita za miguu kwa chaji moja maana yake ni kwamba kila dakika ambayo programu inaitumia kujisasisha, kutafuta akaunti, au kupasha moto laptopu bila sababu, imelipwa kwa miguu. Hakuna mtengenezaji wa injini niliyemtaja aliyekuwa na mwanafunzi huyo mbele yake. Hivyo sisi tunaofanana naye kidogo, hata kama Kanama ina nyaya za umeme na yeye hakuwa nazo, lazima tumwingize wenyewe katika hesabu.

Nilimwingiza hivi. Niliandika mambo ambayo nyumba yetu haina hakika nayo, kisha nikaipima kila injini kwa hayo. Umeme wa jioni, hasa msimu wa mvua. Mtu wa bonde la Sebeya hahitaji kukumbushwa mvua ya Mei 2023 ilifanya nini. Bando. Laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kiingereza cha watoto wa sekondari ya chini. Na mwisho, jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni la wanasheria, leseni: je, chombo hiki kinaweza kubadilishiwa masharti watoto wakiwa katikati ya kazi?

Construct, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2007, niliipenda sana kwa urahisi wake, lakini toleo la sasa linaishi kwenye kivinjari na la bure lina kikomo. GDevelop, iliyoanzishwa na Mfaransa Florian Rival mwaka 2008, ni huria, haihitaji msimbo, na ina tabia ya mtu wa majukwaa tayari: unamchagua mchoro wako, unampa tabia hiyo, anaruka. Kama ningekuwa na siku mbili tu na watoto wasiotaka kuandika neno lolote la msimbo, ningeishia hapo bila majuto, na mwenzangu akiniuliza leo kwa ajili ya klabu ya shule ya msingi nitamtajia hiyo.

Tulichochagua ni Godot, lakini baada ya wiki moja ya Scratch. Godot ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur nchini Argentina kama chombo chao cha kazini, wakakifungua kwa umma mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, ambayo kwa maneno mepesi inasema: chukua, tumia, badilisha, uza, hatutakufuata. Jina limetoka kwenye tamthilia ya Samuel Beckett kuhusu watu wanaomsubiri asiyekuja, na mtu aliyewahi kusubiri upakuaji Mahoko ataona kichekesho chake. Sababu zetu hata hivyo zilikuwa za kawaida. Faili la kupakua lilikuwa chini ya megabaiti 100. Haisakinishwi: unalifungua faili, programu inakimbia, ukitaka unaliweka kwenye flashi na kumpa jirani. Haiulizi akaunti. Argentina imeona misukosuko mingi ya uchumi, na sidhani ni ajali kwamba watu wa huko walitengeneza chombo kisichodai kitu kwanza.

Kasoro zake nizitaje pia. Ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza, na mtoto anayesoma mstari mwekundu asiouelewa anakata tamaa haraka kuliko anayeshindwa kuruka mto. Ukitaka kuitoa gemu iwe programu kamili ya simu au kompyuta, lazima upakue kifurushi kingine kinachopita nusu gigabaiti, jambo ambalo sifa za mtandaoni hulipita kimyakimya. Na toleo la 4 linadai kadi ya picha isiyo ya zamani mno. Kwenye kompyuta ya rafiki mmoja ilibidi turudi toleo la 3.

Kwa nini basi Scratch kwanza? Kwa sababu Scratch haikupi mvutano wa ardhi. Jukwaa lake lina pikseli 480 kwa 360 na paka anaelea humo bila uzito mpaka wewe mwenyewe umwekee kigeugeu, ukipunguze kila mara, umvute chini. Watoto walitumia siku mbili kumfundisha paka kuanguka. Walipofika Godot, ambayo inakupa mfano wa msimbo wa mtu wa majukwaa wenye kukimbia, kuruka na kuanguka, waliusoma kama watu wanaoijua barabara. Wangeanza na Godot wangeunakili bila kujua kilichomo.

Gemu yenyewe walikwisha kuichagua daftarini, nami nilichelewa kuitambua. Yule mtu mdogo anayeruka alikuwa anafanya gusimbuka urukiramende, mchezo wa kale wa Rwanda wa kuruka juu. Dunia iliujua hasa baada ya mwaka 1907, msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipofika katika kasri la Mwami Yuhi Musinga huko Nyanza na kupiga picha ya mrukaji akipita juu ya vichwa vya wageni wawili waliosimama. Iliandikwa kwamba walifika mita 2.50, wakati rekodi ya dunia ya riadha ilikuwa mita 1.97. Mwanajiografia John Bale aliandika kitabu kizima, Imagined Olympians, kuhusu jinsi Wazungu walivyoitazama picha ile na nyingine za aina yake. Waliona ndani yake miili ya watu wa kabila fulani, warefu, "wa pekee", na mruko ukageuzwa ushahidi wa hadithi yao kuhusu nani ni nani katika Rwanda. Msomaji wa insha hii anajua hadithi hiyo ilitufikisha wapi.

Watoto hawakujua hayo. Mdogo wangu alikuwa amemchora mrukaji mrefu mwembamba kama mwanzi, kwa sababu ndivyo alivyomwona kwenye picha. Nilikaa nao chini ya mparachichi nikawaeleza, kwa maneno niliyoyaweza, kwa nini picha hiyo si picha tu. Walinyamaza kidogo. Kisha msichana wa kundi, yule wa sungura, akafuta karatasi na kuchora mtu wa kimo chake mwenyewe, mwenye mashavu, na viatu vya mpira. Hakuna injini inayokupa sehemu hiyo ikiwa tayari.

Likabaki swali la kimo cha mruko. Mfano wa Godot una namba zake: kasi ya kuruka ni 400 kwenda juu, iliyoandikwa kwa alama ya kutoa kwa sababu kwenye skrini chini ndiko kwenye namba kubwa, na mvutano ni 980. Tulipiga hesabu kwa penseli: 400 mara 400, gawanya kwa mara mbili ya 980, unapata pikseli 82 hivi. Mtu wetu ana pikseli 64, na tulikubaliana ana mita 1.70. Basi anaruka mita 2.17. Ili afike 2.50 tulihitaji pikseli 94, yaani kasi ya 430. Mvulana mmoja alitaka kujua kwa nini anashuka haraka hivyo, tukagundua kwamba kwa kipimo chetu mvutano wa Godot ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa Kanama. Tulijaribu wa kweli. Mtu alielea kama puto kwa karibu sekunde moja na nusu na wote wakasema hapana, rudisha.

Tuliandika 430, akaruka, akavuka. Tungeishia hapo kama mzee mmoja jirani asingepita, akasimama nyuma yetu akitazama skrini kwa muda. Nikampa kiti, nikamweleza tunachofanya. Akauliza, "Na anarukia wapi?" Sikumwelewa. Akasema warukaji hawakurukia ardhi tupu. Mguu wa mwisho ulikanyaga jiwe au kitu kilichoinuka. Nikakumbuka kwamba hata maelezo ya yule Mjerumani yanataja kichuguu kidogo cha futi moja hivi, jambo ambalo waliozisifu mita 2.50 hupenda kulisahau.

Futi moja kwa kipimo chetu ni pikseli 12. Mdogo wangu alichora kichuguu, akakiweka mbele ya mti wa kuvuka, akarudisha ile namba ya 400 iliyokuja na injini. Themanini na mbili na kumi na mbili. Mtu wetu alikimbia, akakanyaga kichuguu, akapita.